Kaboni ya Mwani na Samaki Aliye Majini



Wapenzi wasomaji, na hasa mama zangu na dada zangu wa upande wa Chale, Kinondo na Gazi. Swali la wiki hii limetoka kwa akina mama wa darsa ya Alkhamisi. Wamesikia, na vijana wao wamewasomea katika simu, kwamba kuna watu ulimwenguni wanaotumbukiza mabomba baharini ili kuyavuta maji ya kilindini yaje juu. Maji hayo yakiufikia mwani, mwani hunenepa. Kisha husemwa kwamba mwani huo huifyonza hewa ya kaboni, ile inayoipasha dunia joto, na hewa iliyofyonzwa huuzwa kwa matajiri wa ng'ambo kwa dola. Wauliza: je, haya ni kweli? Na yakiwa kweli, je, kuiuza hewa hiyo ni halali?

Maswali ni mawili, lakini la pili haliwezi kujibiwa kabla ya la kwanza. Fakihi asiyejua kitu kilivyo hawezi kutoa hukumu juu yake. Basi nawaomba mnivumilie tuingie baharini kwanza, hukumu tutaikuta njiani.

Anayeijua Chale ajua kwamba rasi yake na kisiwa chake vimekaa mfano wa mkono ulioikumbatia ghuba ya Gazi kwa upande wa mashariki. Kusini yake umelala mwamba wa matumbawe. Ndani ya mkono huo maji ni matulivu, mito ya Mkurumuji na Kidogoweni huleta matope yake, mikoko husimama, na majani ya bahari hutandaa kama zulia. Ukiuvuka mwamba, mambo hubadilika. Upande huu wa kusini mwa Kenya ukingo wa bara ni mwembamba, na bahari hushuka ghafla. Nahodha wa ngalawa haendi mbali kabla nanga yake haijakosa chini. Ndiyo maana habari za mabomba zinapofika masikioni mwa watu wa Chale haziwi ngano tupu. Kilindi chenyewe wanakiona rangi yake kila asubuhi.

Mwani nao si mgeni kwetu. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alianza kuuhubiri tangu miaka ya 1970, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikashika mizizi Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Zanzibar leo wakulima wake wahesabiwa kwa maelfu mengi, na walio wengi ni wanawake. Huku kwetu Kwale, vijiji vya Kibuyuni na Mkwiro ndivyo vilivyotangulia, vikishirikiana na watafiti wa taasisi ya serikali ya bahari na uvuvi, KMFRI. Kazi yenyewe mwaijua: vigingi viwili, kamba kati yake, vipande vya mbegu vimefungwa kamba nzima, na baada ya wiki sita hivi mavuno. Kilo saba hadi kumi za mwani mbichi hutoa kilo moja tu iliyokauka. Uzito huo wote hubebwa na mgongo wa mwanamke kutoka majini hadi uchanjani.

Nami hufurahi nikiona jinsi kazi hii ilivyofungamana na mwezi wetu. Bamvua kubwa huja mwezi uandamapo na uwapo kamili, na hapo ndipo maji hukauka mbali, wanawake wakashuka kwenye kamba zao. Mkulima wa mwani huihesabu Hijria kwa miguu yake, hata kama ukutani kwake hamna kalenda.

Lakini mwani una maradhi yake, na maradhi hayo ndiyo yaliyowafanya wenye mabomba wapate wasikilizaji. Aina iitwayo kotonii ndiyo yenye bei nzuri, na ndiyo isiyovumilia joto. Tangu mapema miaka ya 2000, wakulima wa Unguja waliiona ikiwa nyeupe, ikilainika na kukatika kambani, hata katika maji mafupi ya sehemu nyingi ikashindwa kabisa. Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, ameandika juu ya jambo hili kwa miaka mingi: bahari yapata joto, na mwani uliofungwa mahali pa magoti hauna pa kukimbilia. Wakulima wengi wamebaki na spinosamu, ambayo ni ngumu zaidi na bei yake ni ndogo zaidi. Kwa hiyo anayesema mwani wetu una kiu ya maji ya baridi hasemi uongo.

Maji hayo ya baridi yana nini? Fikirini kikombe cha chai kilichotiwa sukari kikasahauliwa bila kukorogwa. Anayekunywa juu huonja chai isiyo na ladha, na sukari yote imekaa chini. Bahari ya nchi za joto ndivyo ilivyo. Tabaka la juu lina jua na joto, na kila chembe ya rutuba inayopatikana huliwa mara moja na vimea vidogo. Vimea hivyo hufa, pamoja na viumbe vinavyovila, navyo huzama na kuoza gizani. Rutuba yao hubaki huko chini. Maji ya juu yakiwa moto ni mepesi, ya chini yakiwa baridi ni mazito, na tabaka hizi mbili hazichanganyiki kwa urahisi. Bahari yetu ya buluu ipendezayo watalii wa Diani ni buluu kwa sababu ina njaa.

Mwenyezi Mungu ameweka mahali ambapo chai hukorogwa bila mkono wa mtu. Katika pwani ya Somalia, wakati wa kusi, upepo huyasukuma maji ya juu mbali na nchi, na ya chini hupanda kushika nafasi yake. Karibu na Ras Hafun bahari hupoa hata mgeni akashangaa kuwa yuko karibu na Ikweta. Kaskazini mwa Kenya, upande wa kuelekea Lamu, wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia unaoshuka hukutana na mkondo wa pwani unaopanda, yote miwili hugeukia bahari kuu, na hapo pia maji ya chini huinuka. Wavuvi walijua palipo na samaki kabla ya wataalamu kujua kwa nini.

Mabomba basi ni jaribio la kutia kijiko pale ambapo upepo haukorogi. Mwaka 2007 wanasayansi wawili wa Uingereza, James Lovelock na Chris Rapley, waliandika katika jarida la Nature wakipendekeza mabomba ya wima, marefu mita 100 hadi 200, yaelee baharini na kuvuta maji kwa nguvu ya mawimbi yenyewe. Mwaka uliofuata watafiti walilijaribu wazo hilo katika bahari ya Hawaii, kwa bomba lililofika mita 300. Maji ya baridi yalipanda kweli. Yalipanda kwa saa 17 hivi, kisha vifaa vikavunjika kwa nguvu ya bahari. Nawasimulia hili bila dhihaka, kwani anayejaribu hukutana na kuvunjika. Lakini mtu akija kuwaambia bomba ni kitu chepesi, kumbukeni saa hizo 17.

Tangu hapo watu wameendelea. Nchini China, watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang walitumia umeme wa jua kupuliza hewa chini ya maji ya ghuba ya Aoshan, mkoa wa Shandong, ili mapovu yakipanda yabebe maji ya chini hadi kwenye mashamba ya mwani. Ghuba ile ni fupi na mwani wake ni wa nchi za baridi, tofauti na wetu. Huko Ufilipino, zilikotoka mbegu zetu, shirika la Climate Foundation lake Brian von Herzen limekuwa likijaribu kuumwagilia mwani wa aina ya wetu kwa maji ya kilindini. Nia yake ni kuuokoa na joto na kuupa rutuba. Kwa upande wa mavuno, mimi naona hoja yao ina mashiko: mmea wenye njaa ukilishwa hukua.

Shida inaanzia kwenye neno kaboni.

Maji ya kilindini hayapandi na rutuba peke yake. Vile viumbe vilivyooza chini viliacha rutuba, na viliacha pia hewa ya kaboni, imeyeyuka katika maji ya baridi kama gesi ndani ya soda. Soda ikikaa nje ya friji, gesi hutoka. Maji hayo yakiletwa juu kwenye jua, sehemu ya hewa iliyokuwa imehifadhiwa kilindini kwa miaka mingi hupata njia ya kurudi angani. Mwani basi unaanza kazi ukiwa na deni: lazima kwanza ufyonze kiasi kilichopandishwa pamoja na chakula chake, ndipo tuhesabu faida. Wenye kuutetea mpango huu wanajibu kwamba mwani hutumia kaboni nyingi kwa rutuba kidogo kuliko vimea vidogo vya baharini, kwa hiyo faida yaweza kubaki. Yaweza. Lakini baina ya "yaweza kubaki" na hati ya mauzo pana bahari nyingine.

Kisha ulizeni: mwani ukishavunwa, kaboni yake yaenda wapi? Wauanika, wautia guniani, mnunuzi auchukua, kiwandani wakamuliwa ule ute uitwao karajinani, na ute huo huingia katika aiskrimu, dawa ya meno na mengineyo. Huliwa, hutemwa, huoza. Katika muda mfupi kaboni yote imesharudi hewani. Mwani uliouzwa kwa gunia umeuza kaboni yake pamoja na gunia. Kinachobaki baharini ni vile vipande vinavyokatika na kuchukuliwa na mkondo, na katika hivyo ni vile tu vinavyozama mbali kilindini ambavyo twaweza kusema vimehifadhiwa. Wanasayansi Dorte Krause-Jensen na Carlos Duarte walikadiria mwaka 2016 kwamba mwani wa dunia nzima huenda wahifadhi tani milioni 173 za kaboni kwa mwaka kwa njia hiyo. Kiasi ni kikubwa, lakini hesabu ile ni ya mwani wa mwituni, unaoota wenyewe kwenye miamba ya dunia. Kamba ya mama wa Kibuyuni haimo humo.

Basi husemwa: tusiuvune, tuuzamishe. Haya, tupige hesabu ya jikoni. Katika mwani mkavu, robo hivi ya uzito ni kaboni. Tani moja kavu ina kilo 250, na ukizigeuza kuwa hewa ya kaboni, kama wanavyohesabu wafanyabiashara wake, hupati hata tani moja kamili. Tuseme mnunuzi ni mkarimu, akalipa dola 20 kwa tani. Kwa shilingi 130 kwa dola, hiyo ni shilingi 2,600. Tani ile ile ikiuzwa kavu kwa bei duni ya shilingi 20 kwa kilo ni shilingi 20,000. Nani atamwambia mwanamke aliyekaa majini wiki sita auzamishe mwani wake kwa shilingi 2,600, na katika hizo alipe bomba, mashua, mafuta, na mkaguzi wa kuja kuthibitisha kwamba umezama kweli?

Kuna tahadhari kubwa kuliko hiyo. Mwaka 2010 Andreas Oschlies na wenzake wa Kiel, Ujerumani, walifanya hesabu za kompyuta wakidhani mabomba yametapakaa katika bahari za dunia na yanafanya kazi bila kasoro. Walikuta kwamba faida ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, na sehemu kubwa ya kaboni iliyohifadhiwa haikuwekwa baharini, iliwekwa nchi kavu, kwa kuwa maji baridi yalipoza hewa. Jambo la kutisha ni hili: mabomba yakisimamishwa, joto la dunia lapanda hata kupita lile ambalo lingekuwapo kama yasingeanzishwa. Shamba dogo la Chale halitaigeuza hali ya hewa ya dunia, hilo najua. Lakini kazi isiyoweza kuachwa salama yataka kufikiriwa kabla ya kuanzwa.

Sasa twaweza kuja kwenye hukumu.

Waliosoma fiqhi ya mauzo, hata kidogo madrasani, wanakumbuka mfano unaotolewa na masheikh tangu zamani wanapofundisha gharar, yaani mauzo yenye utatanishi: kuuza samaki aliye majini na ndege aliye angani. Mfano umekaa vitabuni karne nyingi, nasi wa pwani tulikuwa tukiuona mwepesi mno, kwani ni nani mwenye akili auzaye samaki asiyemshika? Leo mfano umetujia mlangoni. Kitu kinachouzwa kinatakiwa kijulikane, muuzaji awe anakimiliki, na aweze kukikabidhi. Kaboni ya mwani wa shambani, kwa hali ilivyo sasa, yayumba katika yote matatu. Kiasi chake hakijulikani, kwa sababu hakuna awezaye kusema ni kiasi gani kilikatika kambani na kikafika kilindini. Umiliki wake una shaka, kwa kuwa kipande kilichochukuliwa na mkondo kimeshatoka katika mkono wa mkulima. Na kukabidhi maana yake ni kuhakikisha kwamba kaboni itakaa miaka mingi bila kurudi angani, jambo ambalo mwenye shamba la magotini hana uwezo nalo. Hata miongozo ya kimataifa ya jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, iliyotolewa mwaka 2013 kwa ajili ya kuhesabu kaboni ya pwani, inataja mikoko, majani ya bahari na mabwawa ya chumvi. Mwani haumo.

Wengine watasema: shida iko wapi, mnunuzi ni tajiri wa Ulaya na pesa zake ni nyingi? Shida ni kwamba yeye hanunui ili aweke kabatini. Ananunua ili apate ruhusa ya kuendelea kutoa moshi wake. Tukimuuzia tani isiyokuwapo, moshi wake unakuwapo, na joto lake linarudi kuua kotonii ya mama yule yule aliyetia dole gumba kwenye karatasi. Huo ni udanganyifu unaomzunguka mdanganyifu mwenyewe.

Je, kila biashara ya kaboni ni batili? Sisemi hivyo, na hapa hatuhitaji kwenda mbali. Hapo hapo ndani ya mkono wa Chale, katika ghuba ya Gazi, watu wa Gazi na Makongeni wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013. Waliozaliwa zamani wanakumbuka jinsi mikoko ya Gazi ilivyokatwa katika miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali, hata sehemu nyingine zikabaki uwanja wa matope matupu. Miaka ya 1990 watafiti na wanakijiji wakaanza kupanda upya. Sasa mradi unalinda hekta 117, na kwa cheti cha Plan Vivo huuza kiasi cha tani 3,000 za hewa ya kaboni kwa mwaka. Katika miaka ya mwanzo mapato yalikuwa dola 12,000 hivi kwa mwaka, si utajiri, lakini yalileta maji ya bomba na kusaidia shule. Mwaka 2017 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wenzao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata njia hiyo kwa msitu mkubwa zaidi.

Tofauti iko wapi? Iko kwenye matope. Mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana, yote hii huangusha majani na mizizi yake ndani ya tope lisilo na hewa, na tope hilo huihifadhi kaboni kwa mamia ya miaka usipolichimba. Mtu anaweza kulipima kwa kijiti na kulirudia mwaka ujao. Majani ya bahari nayo hufanya kazi hiyo chini ya maji, kimya kimya. Mimi naona hata malipo ya Mikoko Pamoja yako karibu zaidi na ujira wa kulinda kuliko bei ya hewa: watu wanalipwa kwa kutokata, kwa kupanda, kwa kupiga doria. Huo ni ujira wa kazi inayoonekana, na sioni kizuizi ndani yake. Ikiwa mwanazuoni mwingine ana mtazamo mwingine, mlango wa elimu uko wazi.

Kwa kipimo hicho hicho, akija mtafiti akasema, "Nataka kulijaribu bomba nje ya mwamba, nitawalipa mfunge kamba, mpime, mniandikie," hiyo ni ijara, nayo ni halali. Pokeeni ujira wenu, na usipungue. Lakini akisema, "Tieni dole hapa, mmeniuzia kaboni ya mwani wenu kwa miaka 20," msitie dole siku hiyo. Mwambieni arudi.

Na akirudi, muulizeni kwanza bomba ni la nani. Hili naliona kubwa kuliko la kaboni. Mwani wa magotini ni kazi ya mwanamke kwa sababu hauhitaji mashua wala injini. Maji yakipwa anashuka kwa miguu, yakijaa yuko nyumbani na watoto, na pato lake ni lake. (Nakumbusha tena, kwa kuwa kila mwaka naletewa kesi: mume hana haki katika pesa ya mwani ya mkewe ila alichopewa kwa moyo mkunjufu.) Shamba likihamia nje ya mwamba, palipo na kilindi, litahitaji chombo, nahodha, mzamiaji, mtu wa kutengeneza pampu. Zanzibar, walipojaribu kuipeleka kotonii kwenye maji marefu kwa nyavu za mirija, jambo la kwanza lililowakabili wanawake wengi ni kwamba hawakujua kuogelea na hawakuwa na mashua. Teknolojia inayomtoa mwenye kazi katika kazi yake imempunguzia riziki, hata mwani ukinenepa.

Muulizeni pia maji hayo ya baridi yatamwagikia wapi. Maji ya kilindini yana ukali kidogo wa tindikali na oksijeni haba, na rutuba yake haitachagua kuulisha mwani wenu peke yake. Ikipita kiasi huotesha magugu ya baharini yanayoyafunika matumbawe na majani ya bahari, na wavuvi wa dema watakuwa wa kwanza kuligundua hilo. Wavuvi wasipoulizwa mapema, mambo hayaendi: hifadhi ya bahari ya Diani na Chale ilitangazwa katika gazeti la serikali mwaka 1995, na upinzani wa wavuvi ukafanya ibaki kwenye karatasi.

Kisha muulizeni kuhusu fungu lenu. Sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi, ilivyorekebishwa mwaka 2023, inataka pawe na mkataba wa maendeleo ya jamii, na kwamba jamii ipate si chini ya 40 kwa mia ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya gharama, kwa miradi ya ardhi, na 25 kwa mia kwa isiyo ya ardhi. Mradi wa baharini umeandikwa upande gani? Aonyeshe kwa kidole kwenye karatasi, na karatasi isomwe kwa Kiswahili mbele ya wote.

Wakati mnamngojea arudi, kuna jambo ambalo halihitaji bomba. Mwaka 2001 na 2002, Wakibia na wenzake walipanda mwani wa aina tatu hapa Gazi na kule Kibuyuni, wakaupima kwa miezi 15. Walikuta kwamba wakati wa kusi ulikua upesi kuliko wakati wa kaskazi, na kwamba palipo na maji yanayotembea, mwani hupata rutuba zaidi na hukua zaidi, kwa sababu maji yanayopita huleta chakula kipya kila dakika hata kama chakula chenyewe ni haba. Ndani kabisa, karibu na mikoko, ulikua kwa shida. Mwenye kamba zake mahali palipotuama na azisogeze kuelekea mlango wa mkondo, bamvua ijayo, afunge kamba mbili za majaribio kabla ya kuhamisha shamba zima.

Katika swali lenu mlitaja pia zaka ya mwani uliokaushwa na kuwekwa ghalani ukingoja bei, kama huhesabiwa mazao au bidhaa ya biashara. Hilo lina maelezo yake, nitalijibu wiki ijayo inshallah.